Toleo Jipya Limetoka, Fundi Analipwa na Nani?

Tarehe 1 Januari 2020 Moshi ilikuwa bado imefurika. Magari yenye vumbi la safari ya Dar es Salaam yalijaa barabara ya kwenda Himo, watu wa Rombo, Marangu na Kibosho walikuwa makwao kwa sikukuu, mbege ilikuwa inazunguka na simu za kazini zilikuwa zimezimwa. Siku hiyo watunzaji wa lugha ya kompyuta iitwayo Python waliacha rasmi kulihudumia toleo lake la pili, lililotumika kuandika programu za vyuo, maabara na ofisi duniani kote tangu mwaka 2000. Sidhani kama kuna mtu mlimani Kilimanjaro aliyeinua macho kutoka kwenye sahani ya machalari.

Wala halikuwa jambo la ghafla. Python 3 ilitoka Desemba 2008. Toleo la pili lilipangiwa kufa mwaka 2015, na mwaka 2014 wenyewe wakaona dunia haijahama, wakasogeza tarehe miaka mitano mbele. Kwa hiyo kila mwenye programu ya Python alikuwa na zaidi ya miaka kumi na moja ya kujiandaa. Wengi tuliamka siku ya mwisho, wengine hawajaamka mpaka leo.

Msomaji asiyeshinda na kompyuta anaweza kuuliza hili linamhusu nini. Linamhusu anaposimama dirishani hospitalini na kadi yake ya bima, akaambiwa asubiri kwa sababu mtandao unasumbua. Ofisi zetu husingizia mtandao kwa kila kitu. Mara nyingi mtandao ni mzima kabisa, na kilichogoma ni programu iliyoandikwa miaka kumi iliyopita, ikahamishiwa kwenye mashine mpya yenye lugha mpya, ikakuta maneno iliyoyazoea yameondolewa.

Programu kubwa haiandikwi kwa mkupuo mmoja. Huundwa kwa moduli: moja inasajili mgonjwa, nyingine inatoza bili, nyingine inatoa dawa stoo, nyingine inaandaa takwimu za mwisho wa mwezi za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Kila moduli imeandikwa kwa lugha fulani, katika toleo fulani la lugha hiyo, na fundi aliyeiandika alikuwa na tabia za lugha hiyo kichwani. Lugha inapobadilika, moduli haibadiliki nayo. Inabaki pale pale ilipoachwa, ikisema Kiswahili cha babu mbele ya wajukuu.

Afadhali hata ikigoma waziwazi, maana mtu ataitwa aitazame. Hatari kubwa ni moduli inayoendelea kufanya kazi na kutoa majibu mengine. Katika Python 2, ukigawa 7 kwa 2 ulipata 3, kwa sababu namba nzima ikigawiwa kwa namba nzima ilitoa namba nzima na kutupa masalia. Katika Python 3 hesabu hiyo hiyo inatoa 3.5. Mabadiliko hayo ni sahihi, kila aliyesoma darasa la nne atakubali. Lakini mfikirie fundi wa chama cha msingi cha kahawa aliyeijua tabia ya zamani na kuitegemea, akapanga mafungu ya magunia na malipo ya wakulima juu yake. Programu ikihamishiwa toleo jipya, skrini inawaka vilevile na karatasi inatoka vilevile, ila hesabu za chini zimesogea. Mkulima wa Uru ataligundua kabla ya mhasibu.

PHP nayo, lugha iliyotolewa kwa umma na Rasmus Lerdorf mwaka 1995 na ambayo kurasa na mifumo mingi ya ofisi zetu imejengwa juu yake, ina yake. Mpaka toleo la 7, ukiiuliza kama sifuri ni sawa na nafasi tupu ilijibu ndiyo. Toleo la 8 lilipotoka Novemba 2020, likaanza kujibu hapana. Kwenye fomu ya mikopo ya SACCOS, mwanachama ambaye deni lake halikuandikwa kabisa na mwanachama aliyemaliza kulipa walikuwa mtu mmoja machoni mwa programu hadi 2020. Baada ya hapo ni watu wawili. Ni sawa kabisa wawe wawili, ila mtu alipaswa kupita mstari kwa mstari kuangalia ni wapi programu ilikuwa imewachanganya.

Mfano ninaoupenda zaidi unatuhusu sisi kuliko wengine. PHP ya zamani ilikuwa na desturi ya kuiwekea kinga kila alama ya kinukuu iliyoingia kupitia fomu, kabla programu haijaipeleka kwenye kanzidata. Mafundi wakazoea kutunziwa, wakaacha kujikinga wenyewe. Machi 2012, toleo la 5.4 likaiondoa desturi hiyo moja kwa moja. Huko Ulaya waliopata tabu ni akina O'Brien. Huku kwetu, tunaoandika ng' kila siku, ilitosha karani wa ushirika wa maziwa kuchapa neno ng'ombe ili kanzidata idhani sentensi imeishia kwenye kile kinukuu na kukataa kila kilichofuata. Wilaya ya Hai, ambako ng'ombe hufugwa bandani kihambani na maziwa hupelekwa ushirika kila asubuhi, neno hilo halikwepeki. Na mlango huo huo unaomkwaza karani ndio wadukuzi wanaoutumia kuingia. Waliouondoa utaratibu ule walikuwa na haki, maana ulikuwa unawapa watu usalama wa uongo. Gharama ya haki yao iliwaangukia walio mbali.

Moshi ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili kwa sababu mji huu mdogo umebeba taasisi nyingi kuliko ukubwa wake. Ina KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971. Ina makao makuu ya Bodi ya Kahawa na mnada wake. Ina KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoundwa mwaka 1933, na Chuo Kikuu cha Ushirika kilichoanza kama chuo cha ushirika mwaka 1963. Juu mlimani ziko hospitali za makanisa, zahanati, shule za bweni na vyama vya msingi, kila kimoja na kompyuta yake na kijana wake wa kompyuta, ambaye mara nyingi ndiye pia anayebadilisha wino wa printa na kutengeneza kipaza sauti kwenye mahafali.

Hospitali za kanisa zilianza mapema kutumia mifumo ya kompyuta. Katika muongo wa kwanza wa karne hii, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilianza kuingiza Care2x katika baadhi ya hospitali zake. Hiyo ni programu huria ya hospitali iliyoandikwa kwa PHP, iliyoasisiwa na Elpidio Latorilla mwanzoni mwa miaka ya 2000, zama za PHP 4. Haikuja ikafungwa ilivyo. Iliongezewa sehemu za Kitanzania: bili kwa mtindo wa hospitali zetu, orodha ya dawa na huduma, kumbukumbu za wagonjwa wa ARV. Aliyewahi kuifungua kanzidata yake ataona meza nyingi zinaanza na herufi care_tz. Kwa maoni yangu hiyo ni moja ya kazi nzuri za kompyuta zilizowahi kufanyika nchini, na hakuna aliyeiandikia sherehe.

Lakini zitazame tarehe. PHP 4 iliachwa rasmi mwishoni mwa 2007, na Agosti 2008 hata viraka vya usalama vikakoma. Machi 2012 likaja toleo la 5.4 lililoondoa ile kinga ya vinukuu pamoja na utaratibu wa kuyageuza majina ya fomu kuwa vigeu vya programu moja kwa moja, ambao programu nyingi za zama zile ziliuegemea. Desemba 2015 ikaja PHP 7, ikafuta kazi zote za zamani za kuongea na MySQL, zile ambazo karibu kila mwanafunzi wa kompyuta Tanzania wa kizazi kile alifundishwa kama salamu ya kwanza. Mwishoni mwa 2018 toleo la 5 lote likaachwa. Hospitali iliyofunga mfumo mwaka 2006 ilipitiwa na mabadiliko manne makubwa kabla mtoto aliyezaliwa humo mwaka huo hajamaliza darasa la saba.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame, kwa sababu ndipo tunapokosea hesabu. Programu ya nje yenye watumiaji wengi duniani hupandishwa toleo na dunia. Kuna mtu Berlin au Bangalore ambaye asubuhi yake inaharibika ikigoma, naye ataitengeneza, sisi tutapakua bure. Moduli inayotoa ripoti ya MTUHA haina mtu Berlin. Inayomtoza mgonjwa wa bima kwa taratibu za Tanzania haina mtu Bangalore. Sehemu tulizoandika wenyewe, zile zinazofanana na maisha yetu, ndizo zinazoachwa nyuma kila lugha inaposogea, na hakuna binadamu mwingine duniani mwenye sababu ya kuzisogeza. Kadiri unavyoitia programu sura ya Kitanzania ndivyo unavyojiandikia deni la matengenezo ambalo ni la Mtanzania peke yake. Hilo halinifanyi niseme tuache kuandika vya kwetu. Linanifanya niulize kwa nini bajeti zetu zina fungu la kununua mfumo na hazina fungu la kuutunza.

Kwa watu wa mlima huu ni aibu kidogo kusahau somo hilo. Mifongo, ile mifereji inayoyachukua maji mtoni kule juu karibu na msitu na kuyaleta kwenye migomba na kahawa, ilikuwepo kabla Mjerumani hajafika. Kuichimba kulifanyika mara moja, na jina la ukoo uliochimba linakumbukwa. Kuitunza ni kila mwaka. Mvua kubwa inabomoa banio, mchanga unajaa, mti unaanguka, watu wanaitwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja, na asiyefika anatozwa faini. Aliye chini ya mfereji hana amri juu ya mto: ukihama, yeye ndiye anayepanda na sululu kuhamisha banio. PHP na Python ni mto. Huamuliwa na watu walio mbali, wengi wao wa kujitolea, kwa kura na mijadala ambayo sauti za Afrika Mashariki ni chache humo, ingawa zinaongezeka. DjangoCon Africa, mkutano wa waandishi wa programu za Python, ulifanyika Zanzibar Novemba 2023. Kuanzia banio kushuka chini, mfereji ni wetu.

Wapo wanaosema kitu kinachofanya kazi kisiguswe. Nawasikiliza kwa heshima, kwa sababu wengi wao ndio walioitwa usiku wa manane baada ya mtu kugusa. Seva imefungiwa chumbani, haina intaneti, inahudumia kompyuta sita za wodini, toleo lake la zamani linamdhuru nani? Kama uongozi umekaa, ukaelezwa, ukaandika kwamba umeamua kubaki nyuma kwa miaka mitatu, mimi sina ugomvi nao. Kinachonisumbua ni kubaki nyuma bila kuamua.

Hata chumba kilichofungwa hakikai kimya milele. Umeme unakatika na kurudi kwa nguvu, mashine ya 2009 inaungua, na unayonunua mjini kesho haikubali mfumo endeshi uliokuwa unaibeba lugha ile ya zamani. Kisha bima inataka madai yatumwe kwa mtandao, malipo yanataka namba ya kumbukumbu kutoka serikalini, na seva za upande wa pili hazikubali kuzungumza na mashine yenye usimbaji wa kizamani. Inabidi iandikwe moduli mpya ya bima. Kijana anayeiandika amejifunza PHP 8, na vifurushi anavyovitegemea vinataka PHP 8. Moduli ya maabara iliyo kwenye seva hiyo hiyo inataka 5.6. Kuziweka zote mbili kwenye mashine moja kunawezekana kwa ufundi, nimeona watu wakifanya, lakini tangu siku hiyo una mitego miwili ya kukwepa badala ya mmoja na ni mtu mmoja tu anayejua ipo wapi. Akipata kazi Dodoma, imekwisha.

Na tangu Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamhusu mganga mkuu moja kwa moja. Anayekusanya taarifa za watu anawajibika kuzilinda. Kuweka majibu ya vipimo vya wagonjwa kwenye toleo la lugha ambalo limeacha kupokea viraka vya usalama tangu mwishoni mwa 2018 si jambo ambalo ningependa kulitetea mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Wenzetu wa Kenya wana uzoefu wa kututosha. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004, uliingia kazini Eldoret mwaka 2006, na KenyaEMR na UgandaEMR zimejengwa juu yake. Wenyewe umeandikwa kwa Java na umegawanywa kwa moduli tangu awali. Mwaka 2016 jukwaa lake lilipofika toleo la 2.0, lilidai Java 8 na kutupa mambo mengi ya zamani yaliyokuwa yamewekewa alama ya kuachwa, na moduli zilizoandikwa kwa matoleo ya 1 zikahitaji kupitiwa moja moja. Zilipitiwa, kwa sababu kulikuwa na timu zenye mishahara ya kufanya hivyo, na kila moduli inatamka yenyewe inahitaji toleo gani la jukwaa. Udhaifu uko kwenye mfuko: sehemu kubwa ya fedha za kazi hiyo ilitoka Marekani kupitia PEPFAR, mpango wake wa kupambana na UKIMWI. Januari 2025 misaada iliposimamishwa, watu wengi waligundua kwa wiki moja kwamba utunzaji wa mifumo ya hospitali zao ulikuwa mstari kwenye bajeti ya nchi nyingine.

Matajiri nao hawajapona. Aprili 2020, corona ilipowatupa watu mitaani bila kazi, gavana wa New Jersey, Phil Murphy, alijitokeza kuomba wajitolee watu wanaojua COBOL, lugha ya mwaka 1959, maana mfumo wa mafao ulikuwa umelemewa. Lugha ile haikuwa imevunjika. Wanaoijua ndio waliokuwa wamestaafu.

Kwa hiyo fedha ya ufundi itoke wapi? Kwanza wafadhili na mabodi wakubali kwamba kupandisha toleo ni kazi halali yenye jina lake, ingawa haina utepe wa kukatwa. Mgeni rasmi haitwi kuzindua moduli ya bili iliyokuwa inafanya kazi jana na leo inafanya kazi vilevile. Na kwa kweli hayo ndiyo matokeo bora ya kazi hiyo: kusiwe na anayeona tofauti. Ni vigumu kuombea fedha kitu cha namna hiyo, lakini wahasibu wetu wanalipia huduma ya gari la wagonjwa kila baada ya kilomita kadhaa bila kuuliza gari limebadilika nini.

Pili, vyuo. Moshi ina Chuo Kikuu cha Ushirika chenye shahada ya teknolojia ya habari kwa biashara. Miradi mingi ya mwaka wa mwisho katika vyuo vyetu huanza na ukurasa mtupu: mfumo wa hosteli, mfumo wa duka la dawa, mfumo wa mahudhurio. Mwanafunzi anautetea mbele ya jopo, anapata alama, mfumo unabaki kwenye kompyuta yake mpaka inaibiwa. Ningempa alama zaidi yule anayechukua moduli ya chama cha msingi iliyoandikwa na mwenzake miaka minane iliyopita, akaandika majaribio ya kupima kwamba 7 ikigawiwa kwa 2 inatoa kinachotakiwa, akaipeleka toleo la sasa, kisha akakaa na karani msimu mmoja wa kahawa kuona kama hesabu zimelingana. Huo ni mtihani mgumu kuliko kuanza upya. Kusoma msimbo wa mtu aliyekwisha hama kunataka unyenyekevu, na jopo litakalomsahihisha litalazimika nalo kuusoma.

Tatu ni mikataba, na hapa sina huruma. Mikataba mingi ya mifumo inataja idadi ya kompyuta, siku za mafunzo na hata chai ya washiriki, lakini haitaji lugha imefika toleo gani siku ya makabidhiano na toleo hilo litaacha kuhudumiwa lini. Tarehe hizo si siri. Python hutoa toleo jipya kila Oktoba na kulitunza miaka mitano. PHP sasa hutunza kila toleo miaka minne, na tarehe ya mwisho hutangazwa mapema. Fundi anayekukabidhi mfumo bila kukuonyesha tarehe hiyo, bila kukupa msimbo wenyewe na bila majaribio ya kuupima, amekuuzia utegemezi.

PHP 8.2, kwa mfano, itaacha kupokea viraka vya usalama tarehe 31 Desemba 2026, katikati ya mwaka wa fedha wa 2026/27. Bodi yoyote yenye mfumo juu yake, iwe ya hospitali ya Machame au ya SACCOS ya Himo, inaweza kuiandika tarehe hiyo kwenye muhtasari wa kikao cha bajeti, ikaandika na jina la atakayeifanya kazi ya kupandisha toleo, muda atakaopewa kuipima kabla ya kuiwasha, na fungu litakalomlipa.